Ufunguo wa Nyumba Yenye Magurudumu

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Ufunguo wa gari-nyumba usiutafute, ninao mimi.

Asubuhi nilikukuta kwenye usukani, injini imezimwa, unakata kona polepole kama mtu aliye ndotoni. Nikakuuliza tumefika wapi. Ukasema, "Tumeshavuka mto, mama watoto, we lala tu." Nikajilaza kwenye kile kitanda cha nyuma, na kweli nikausikia mto.

Ndiyo maana iliniuma kukukumbusha kwamba leseni yako ni ya gari dogo, na hili lina uzito wa lori. Ukafoka, eti umeendesha tangu ujana. Sawa, lakini leseni ya magari makubwa inataka upimwe macho, na daktari alishakuambia habari za jicho lako la kushoto.

~~Nimeenda sokoni.~~ Nimeenda kufanya mtihani wa leseni hiyo. Kaka yangu amenifundisha kwa lori lake.

Usinune. Mapazia ya gari nimeyafua, yaanike. Nikifaulu, usukani nitaushika mimi. Wewe utakaa kando yangu, uniambie tumefika wapi.

Mama watoto