Bodo ya Jumapili Pon

Jumatano, 18 Machi — Wage
Kaka Ngadiman kafika jana kutoka Rotterdam. Yuko kwa wakwe zake, si hapa. Mama hajamwona ila kashaniuliza mara tatu kama kanenepa.

Mganga wa zahanati kapita asubuhi, kaniita barazani. Moyo wa Mama umechoka, kasema. Tusimhesabie wiki. Na mimi mwaka huu kazi yangu ndiyo hiyo — kuhesabu!

Tangu Baba afariki daftari lake liko kwangu. Unachukua siku saba za wiki, unazioanisha na siku tano za soko — Legi, Pahing, Pon, Wage, Kliwon — za kule Java walikotoka mababu, unapata Bodo, Idi yetu. Hatutazami mwezi, hatusikilizi redio. Mama hajui kusoma. Wazee kumi na mmoja wa msikiti wetu wananitegemea mimi, fundi cherehani. Tangu mwanzo wa mfungo nimewaambia: Bodo ni Jumapili Pon.

Alhamisi, 19 Machi — Kliwon
Ngadiman kaja mpaka getini. Yeye nje, mimi ndani, tukaongea hivyo kama majirani wenye kesi.

Sharti la Mama halijabadilika. Aje siku ya Bodo, apige magoti, aweke mikono kwenye mapaja ya Mama, aombe radhi kama watoto wote wanavyoomba kwa wazazi siku hiyo. Si kabla, si baada. Kwa simu ndiyo kabisa hataki kusikia.

Kosa la kaka nalikumbuka neno kwa neno. Alisimama mbele ya watu akamwambia Baba, "Miaka sitini mnasali mkiipa Makka kisogo!" Haya, ramani iko upande wake. Mababu walielekea magharibi kule Java, wakaja huku Suriname, wakaendelea na magharibi yao. Lakini ndivyo mtu anavyosema na baba yake? Baba hakumsemesha tena. Kafa hivyohivyo. Mama naye hataki kufa hivyo, najua, ingawa hasemi.

Kaka kaniambia leo jioni msikiti wao, wanaosali kuelekea mashariki, wanatazama mwezi. Usipoonekana, Idi yao Jumamosi. Ndege yake Jumamosi hiyohiyo jioni.

Ijumaa, 20 Machi — Legi
Mwezi haukuonekana. Mawingu tele mpaka ng'ambo ya mto. Idi yao kesho, yetu keshokutwa.

Nimemsihi abadilishe ndege. Haiwezekani, kazi ya watu. Nimemsihi Mama akubali kesho. "Redio inaijua Pon? Inaijua Wage?" Nimerudi kwenye cherehani, nimevunja sindano mbili.

Jumamosi, 21 Machi — Pahing
Sijui niandike nini.

Kaja saa nne, katoka kusali, nguo mpya, kofia mkononi. Hakubishana na mtu. Kapita sebuleni moja kwa moja, kapiga magoti kitandani kwa Mama — mtu mzima, mvi kichwani! — kalia. Mikono kaiweka palepale panapotakiwa.

Mama kaitazama ile mikono. Kaitazama sana.

"Leo nimefunga," kasema. "Leo si Bodo. Njoo kesho."

"Mama, ndege yangu saa kumi na moja."

"Baba yako alihesabu miaka hamsini hakukosea. Unataka nimvunjie hesabu yake kwa ajili ya ndege?"

"Mama, tafadhali."

Mama kageukia ukutani. Kaka kakaa nyuma ya ule mgongo nusu saa nzima. Akaondoka. Getini kaniambia, "Wewe, Tukinem, ungesema neno moja tu angekusikia." Nikamjibu kwamba hesabu si yangu, ni ya Baba.

Nilimjibu hivyo!

Jumapili, 22 Machi — Pon
Bodo. Nimepiga magoti peke yangu. Mama kanishika kichwa, macho yake mlangoni. Lontong, wali wetu wa kufungwa majanini, kaonja kipande, kakitema.

Baada ya sala Mzee Kartosen wa msikitini kaja na bakuli la tambi za bami. Kataka nimfundishe daftari, kuwe na mwingine anayejua. Nikamsomea: mwaka umeanza Jumamosi Legi, Bodo ni siku ya kwanza, soko la pili, ukihesabu kutoka hapo. Nikamhesabia kwa vidole. Jumapili, moja. Pahing moja, Pon mbili. Jumapili Pon!

Kanitazama. "Na Jumamosi yenyewe umeitupa wapi, mwanangu? Baba yako alikuwa anaanza na siku aliyosimama juu yake."

Nikahesabu tena. Jumamosi, moja. Legi moja, Pahing mbili.

Jumamosi Pahing. Jana.

Jana ndiyo ilikuwa Bodo. Kaka kaja siku yake, saa yake, kapiga magoti yake. Na sisi tumefunga siku ya Idi, ambayo hata mtoto anajua haifungwi. Mimi! Mimi na vidole vyangu hivi.

Mzee kamaliza kinywaji chake cha dawet taratibu. Kasema watu wameshakula na kufurahi, tunyamaze. Yeye anaweza kunyamaza.

Jumatatu, 23 Machi — Wage
Sijashona. Mama analala tu. Kila nikimtazama natamani aamke, na akijigeuza naogopa ameamka.

Jumanne, 24 Machi — Kliwon
Maji ni kwa kijiko sasa. Mganga kaja, hakukaa.

Ngadiman kapiga simu asubuhi. Nimemwekea Mama sikioni, kafumba macho mpaka kaka akakata mwenyewe. Sikumwambia kitu. Nimeshindwa.

Mchana huu Mama kazinduka, macho maangavu kuliko wiki nzima. Kanishika mkono.

"Tukinem, Jumamosi ile nilikuwa nimefunga kweli?"

Nikasema ulifunga, Mama. Huo si uongo.

"Siulizi njaa. Nauliza siku. Mtoto kalia pale nikampa mgongo. Kama haikuwa Bodo, nimefanya haki. Kama ilikuwa, basi mimi ndiye wa kumwomba yeye radhi, na nitaomba hata kwa hicho kisimu chako. Wewe ndiye unayejua hesabu. Niambie."

Nimemwambia ngoja nikuletee maji.

Niko jikoni. Kikombe kimejaa kitambo. Simu iko hapa mezani. Nikisema, atajua kamfukuza mwanawe siku ya Bodo, na aliyemfukuzisha ni mimi. Nisiposema —

Mama anaita tena.