Chokaa ya Mama

Ngamiani, Tanga
10 Machi 1959

Kaka yangu Haji,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kikohozi kidogo cha vumbi, na natumai barua hii itakukuta huko Pangani wewe na wifi Asmahani mkiwa na afya, na mtoto ameshaota jino. Mama anakusalimu sana. Meno yake yamebaki ya kuhesabu, lakini tambuu haachi, na kijaluba hakimtoki mkononi.

Habari kubwa ni kwamba Piroska, binti wa injinia wa shamba la mkonge, yule niliyeandikwa kazi jikoni kwake, anaondoka. Meli ni Jumamosi. Anakwenda Australia kwa shangazi yake, kushona nguo. Mashindano basi tena.

Wewe ulimjua kwa kazi tu, maana hukuwa mtu wa kukaa jikoni kupiga soga. Alianza kupinduka, ule mchezo wao wa viungo, akiwa na miaka sita, huko kwao Hungaria. Alipofika kumi na minne alikuwa wa tatu kati ya wasichana wa nchi nzima, na medali yake alinionyesha, ndogo kama kifungo cha koti. Kisha vita vikaingia mjini kwao, baba yake akamvusha mpaka wa nchi kwa miguu kwenye theluji, wakaishia huku kwetu. Akawa hana nchi ya kuishindania. Ndipo ulipoitwa wewe, ukamchongea boriti ya kutembelea na fito mbili za kuning'inia, moja juu, moja chini, ukazipiga msasa siku nne na vanishi juu yake. Mimi siku ya kwanza nilipomwona anazunguka miguu nje, nilifunga dirisha. Siku ya pili nikalifungua.

Mwezi wa nane alikuja yule mgeni kutoka Nairobi, ambaye neno lake lingempeleka Viena kwenye klabu ya kushindana. Vyombo vyako vikaletwa klabuni hapa mjini. Kwenye boriti hakutikisika. Kwenye fito alizunguka mara mbili, mikono ikaachia, akaanguka, mkono ukavunjika, na haukunyooka tena. Viganja vilikuwa vimebabuka. Injinia akasema mbele ya watu wote kwamba vanishi ya fundi Haji ndiyo iliyomchoma. Ukabeba kisanduku chako ukaondoka, na tangu hapo hakuna mtu Ngamiani aliyekupa hata kigoda ukitengeneze. Nasikia neno limekufuata mpaka huko, na sasa unafua nazi za watu.

Jumapili Piroska alikuja kumuaga mama. Mama akafungua kijaluba, na Piroska akauliza ule unga mweupe ni nini. Mama akamwambia ni chokaa. Piroska akacheka, akasema hata yeye alikuwa akipaka chokaa mikononi kukausha jasho. Mama akasema haiwezekani, hii huwekwa kidogo tu kwenye jani, ikizidi hubabua mdomo. Piroska akatazama viganja vyake, kisha akanitazama mimi.

Kaka, ni mimi. Ule unga wake wa kushikia fito, usiochoma, mimi ndiye niliyemfundisha kuuita chokaa, kwani kwetu unga mweupe usio wa kula ni chokaa. Siku ile klabuni aliona kopo tupu, akaniambia chokaa imekwisha, nimtafutie upesi. Nikakimbia nyumbani, nikachota ya mama, ile kavu, nikamjazia, nikajiona nimefanya la maana. Hapo nilikosea bila kujua. Lakini jioni nilipomwosha viganja nilielewa, nikamwaga iliyobaki chooni, na wewe nikakuacha utukanwe. Niliogopa kufukuzwa. Ni miezi saba sasa, na sikumbuki siku niliyokula nikashiba.

Piroska hakunipigia kelele. Aliuliza jambo moja tu, kama Haji anajua. Jana nilimweleza injinia yote. Akaniambia nirudishe funguo za nyumba.

Sikuombi unisamehe leo. Naomba tu usiifiche barua hii mfukoni. Mpe Sadalla mwenye duka aisome kwa sauti barazani kwake, siku ambayo watu wamejaa, kwa kuwa nawe ulitahayarishwa mbele za watu. Wifi msalimie, mtoto mbusu. Na Sadalla akifika hapa chini pa barua, jina alitaje lote.

Ni mimi mdogo wako,
Mastura binti Mwinyijuma, wa Ngamiani,
niliyetia chokaa.