Maziwa Yasiyoonekana

Jumanne, Sekei

Nimeshusha mwanga wa picha ya harusi kwenye kompyuta mpaka mwisho, na bado maziwa hayaonekani.

Giza nimeliweza. Ndani ya nyumba ya wazazi wa bibi harusi kule Oldonyo Sambu hata masizi ya ukutani yametokea, maana faili ghafi ya kamera, ile raw, hutunza mengi gizani. Ila bibi harusi alipotoka mlangoni, nilisahau kubadili mipangilio ya kamera. Mjinga mimi! Jua kali, gauni jeupe, na baba yake anamnyunyizia maziwa ya baraka kutoka kwenye kibuyu. Vyote vimeunguzwa na mwanga vikawa weupe mmoja. Nikiushusha weupe huo, unageuka kijivu kama majivu.

Na ni mimi niliyemwambia yule binti, "Usijali dada, mimi napiga raw, kila kitu kinarekebishika."

Nimechora matone matatu ya uongo, nikayafuta kwa aibu. Kumwomba mzee arudie? Baraka ya kumtoa binti nyumbani hairudiwi. Ameshatoka.

Jioni mama wa bibi harusi amenipigia. "Mwanangu, mzee hataki albamu. Anataka ile moja tu ya maziwa, aitundike ukutani."

"Ndiyo naimalizia, mama."

Nyuma yake nikamsikia mzee akiuliza nyundo iko wapi.