Tuko Wawili, Mimi na Kapteni

Jumapili, Julai 1981. Manyunyu tangu asubuhi. Mtaa wote wa Jericho, hapa Nairobi, unanuka moshi wa makaa na nguo zilizokataa kukauka.

Jana nilimjibu mtu. Mimi, ambaye ofisini huipanga sentensi upya mara tatu kabla ya kumwomba mkuu wa masijala ruhusa ya kutoka, nilimjibu Ndugu Elijah mbele ya ushirika mzima wa waliookoka. Kwa sababu hiyo, mwisho wa mwezi nitakuwa sina chumba.

Sijuti.

Niyaandike yalivyokuwa, kabla woga haujaanza kuyapunguza.

Chumba hiki ni cha Mama Wambui. Nyumba aliyopewa na baraza la jiji ina vyumba viwili; kimoja analala na wajukuu, kingine amenikodisha mimi. Siku nilipokuja kukiomba aliniuliza swali moja tu: "Uko na nani?" Nikamwambia niko peke yangu, na ilikuwa kweli. Kapteni alikuja baadaye.

Kapteni ni kasuku, ila si yule wa kijivu ambaye watu wamemzoea. Mwili wake ni wa kijani, uso wa kahawia wenye michirizi kama uso wa mwewe, na nyuma ya shingo ana manyoya ya rangi ya damu ya mzee, yenye ukingo wa buluu. Akishtuka huyasimamisha yote kwa pamoja, yakamzunguka kichwa kama pepeo lililofunguliwa. Kwao ni Amerika ya Kusini. Alikuwa wa mhasibu wetu wa zamani, mzee wa kutoka Guyana, ambaye alipostaafu aliambiwa hawezi kurudi naye. Basi mzee akatuita makarani nyumbani kwake, aone ndege atamkubali nani.

Wenzangu walinyoosha mikono kumshika, wakairudisha na vidole vinavyotoka damu. Mimi niliogopa hata kusogea. Nilisimama katikati ya sebule kama mlingoti, macho nimeyafumba, na ndege akaja mwenyewe akatua begani kwangu.

"Huyu," mzee akasema. "Huyu hana haraka."

Haikuwa subira. Ulikuwa woga mtupu. Lakini ni mara ya kwanza maishani mwangu woga kunipatia kitu.

Sitaki kujidanganya kwamba kuishi naye ni rahisi. Ameitafuna fremu ya dirisha mpaka nikaiziba kwa kadibodi. Papai analolipenda hulila nusu na nusu nyingine huirusha ukutani. Mzee alinionya kwamba moshi wa stovu unaweza kumwua, kwa hiyo mimi hupika nje barazani, hata asubuhi kama ya leo, nimejitanda blanketi, watoto wakiniuliza kama kwangu kuna matanga. Jirani yetu anayefanya kazi reli, Baba Otieno, ana mzaha mmoja ambao hauchakai kwake: "Karani, wewe Mluhya kamili, mla kuku, ndege mmoja anakushindaje?" Kisha anacheka mwenyewe mpaka anakohoa.

Lakini nikirudi jioni, Kapteni hunipigia mluzi kabla sijafika mlangoni. Anazijua hatua zangu. Nairobi nzima hakuna mwingine anayezijua.

Jana ilikuwa zamu ya Mama Wambui kupokea ushirika. Ukuta wetu ni mwembamba, na walipoanza kuimba na kupiga makofi, Kapteni naye akaanza. Mluzi, kelele, mluzi tena. Nilimfunika kwa shuka. Nilimbembeleza. Dada mmoja alipokuwa akitoa ushuhuda wa mumewe kuacha pombe, Kapteni alimkatiza kwa ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka sokoni.

Mlango ukafunguliwa. Ndugu Elijah aliingia, na nyuma yake nusu ya ushirika. Yeye ni msimamizi katika kiwanda cha sufuria, mtu aliyezoea kupiga kelele kushinda mashine. Hakunisalimu. Alivuta shuka, akafungua kizimba, akaingiza mkono.

Manyoya yakasimama yote. Kisha mdomo ukafanya kazi yake.

Alipoutoa mkono, kidole kilikuwa kinavuja damu. Akasema huyo si ndege, watu watazame wenyewe kile kichwa, ni kilemba cha mganga, na apelekwe soko la Gikomba akauzwe au anyongwe, leo hii. Sauti ya kijana fulani ikatoka nyuma: "Karani, kumbe wako hajaokoka." Watu wakacheka, na kicheko kile kilimuudhi Elijah kuliko kidole.

Mama Wambui akanigeukia. "Ezra, mtoe huyo ndege, mwanangu. Tusigombane."

Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Mimi ni mtu wa kusema ndiyo, ndivyo nilivyofika ukarani. Ila nikamtazama Kapteni. Wote mle chumbani waliona hasira. Mimi niliona kifua kinavyodunda na kucha zilivyong'ang'ania kijiti. Hivyo ndivyo anavyokuwa anapoogopa mno. Ndege mwepesi kuliko mkate, amesimama mbele ya lijitu lile, na woga wake wote ameuvaa kichwani mahali pa kuonekana.

"Haendi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Ameogopa tu, Ndugu Elijah. Akitolewa yeye, natoka naye."

"Basi mwisho wa mwezi," akasema Mama Wambui.

Nikawaambia kwa adabu kwamba chai yao inapoa, nikafunga mlango. Kisha nikakifunga kizimba pia.

Leo asubuhi nilikuwa barazani nachemsha maji, Mama Wambui akatoka. Akasimama kando yangu akitazama mvua. Akasema neno lake ni lile lile. Nikamwambia naelewa. Akachungulia dirishani.

"Amekula?"

"Bado, Mama. Ameshtuka."

"Hata Elijah hakumaliza mkate," akasema, akarudi ndani.

Sitajenga matumaini juu ya hilo. Najua pia kwamba ningeweza kuomba radhi. Barua za kuomba radhi ndizo ninazoziandika vizuri kuliko zote. Hata wakubwa zangu nimewaandikia za kwao. Hii sitaiandika. Sina kosa la kuombea radhi, na Kapteni hana.

Kesho nikitoka kazini nitampitia Kapteni, twende mtaa wa Umoja kuulizia vyumba. Nitaogopa kwenye kila lango, najijua. Watanitazama viatu, wataniuliza kazi yangu, halafu wataniuliza lile swali.

Tuko wawili, nitawaambia. Na nitakuwa naye mkononi, kizimba hakina shuka, ili wamwone kwanza yeye.