Nakshi za Nyumba ya Walowezi

Jumanne, Agosti 1994. Shauri Moyo.

Haijaoza. Leo nimeidunga patasi mwenyewe na haikuingia. Ile nyumba ya walowezi tuliyoitwa kukarabati, yenye kimnara na nakshi za mbao kama lesi kuzunguka baraza, bado ni nzima kabisa.

Lakini tajiri aliyeinunua anatuambia, "Mafundi, semeni tu imeoza." Nashuku anatafuta kibali cha kuibomoa ajenge gorofa.

Nilikataa. Nikamgeukia Wafula, fundi mwenzangu wa miaka yote, aniunge mkono. Akainama kufunga kamba za viatu.

Jioni amekuja hapa na nyama ya mbuzi, yeye ambaye hajawahi kutuletea hata chumvi. Mke wangu alifurahi. Mimi nikasema nimeshiba, na tangu asubuhi sikuwa nimekula kitu.