Babu Alishuka kwa Nzilani

Ruiru, 9 Februari 2025

Kwa Susu, bibi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Ruiru. Magoti yanaendeleaje na baridi ya asubuhi? Mimi ni mzima, kazi inaendelea, vumbi tu ndilo limezidi. Ninakuandikia kwa sababu kwenye simu unasikia nusu ya maneno, kisha nusu ile nyingine unaijaza mwenyewe. Jirani yako Kui atakuletea barua hii akimaliza kuuza maparachichi yake.

Susu, nimeona picha. Mulei ameziweka mtandaoni: yeye na baiskeli ya marehemu Babu kule Chania, maporomoko nyuma yake, kofia ya Babu kichwani. Chini ameandika neno moja, "Urithi." Nilizitazama saa ya chakula cha mchana mpaka chai ikapoa.

Hakuna aliyeniambia. Kwani ni nani aliyekuwa akitia mafuta kwenye ule mnyororo kila Jumamosi? Ni nani aliyepelekwa shule akiwa amekaa kwenye keria, miguu ameipanua isiingie kwenye spoki? Binamu yangu huyo alikuwa Thika mjini akicheza gemu. Hajawahi kuziba hata pancha moja.

Lakini si hilo tu linaloninyima raha. Unajua kazi yangu, kupiga chapa kesi za ajali kwa wakili. Kila siku nasoma habari za mtu aliyetoka kununua maziwa akaamkia hospitalini. Ile blackmamba, baiskeli nyeusi ya kizamani, ni nzito kama ndama. Breki zake ni vyuma virefu vinavyovuta vipande vya raba, na rimu zikilowa, raba inateleza kama sabuni. Mulei haijui. Naomba uirudishe ndani, iegemee ukuta pale pale ilipokuwa, angalau mpaka nije.

Mke mwenzio,
Wayua mdogo


Gatuanyaga, 16 Februari 2025

Kwa mke mwenzangu mdogo,

Mimi sijambo. Magoti ni yale yale, yananitangazia mvua kabla ya redio. Yule kuku mweupe ameangua. Wewe unakula? Kui anasema shingo yako imekuwa kama ya korongo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimecheka. Ulipopewa jina langu, babu yako alisema ameoa tena bila kutoa mbuzi, ukawa mke mwenzangu ungali kwenye nepi. Mulei naye akapewa jina la babu yake. Basi yule ndiye mume wetu, wewe na mimi. Baiskeli ya Mulei imeenda kwa Mulei. Hapo kuna kesi gani ya kumpelekea wakili wako? Sema tu una wivu, mama. Mke mdogo siku zote huhesabu vijiko vya mke mkubwa.

Mume wangu ameipaka rangi, inang'aa kama kiatu cha mchungaji. Ameingia kwenye kundi la vijana wa baiskeli za zamani, mkubwa wao anaitwa Eddie. Jumamosi ya tarehe 22 mwezi ujao wanaenda nayo mpaka Kamakis kula nyama. Akipita hapa nyumbani anapiga kengele, na mimi moyo unaruka nikidhani ni yule mwingine.

Tena sikumpa bure. Nilimpa kwa sharti. Unalijua lango la buluu kwenye mteremko wa darajani, kwa yule mjane Nzilani. Miaka yote ile, babu yako akifika kwenye lango lile, anashuka. Jua, mvua, anashuka. Nilikuwa namwona kutoka hapa juu kwetu, kisha naingia ndani nisione zaidi. Mwanamume mzima, na mguu haumuumi, anashukaje kwenye baiskeli mbele ya lango la mjane? Sikumuuliza hata siku moja. Nilikuwa nageukia ukuta nikilala, basi.

Kwa hiyo nimemwambia Mulei, siku nitakayokuona umeshuka kwa Nzilani, baiskeli inarudi ndani na kofia juu yake. Ameapa. Mume huyu wa pili hatanichezea.

Mke mkubwa,
Susu


Ruiru, 23 Februari 2025

Susu wangu,

Habari ya huko na vifaranga? Mimi ninakula, mwambie Kui aangalie shingo yake.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikalazimika kukaa. Susu, Babu hakuwa akimshukia Nzilani. Alikuwa akiushukia mteremko.

Nilikuwa kwenye keria, mimi ni shahidi. Tukifika juu ya lile lango alikuwa akiniambia, "Shuka, mke wangu, hapa breki zinaanza kuomba msamaha." Mimi natembea kando, yeye anaikokota, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kiti, mpaka tuvuke daraja. Pale ndipo barabara inapoinama ghafla, na lango la Nzilani limekaa hapo hapo. Lingekuwa lango la kanisa, angeshuka kwenye lango la kanisa.

Umesema nina wivu. Ninao. Nikiiona ile picha kifua kinawaka, na usiku nimewahi kuomba Mulei apate pancha mbele ya rafiki zake wote. Hilo nalisema wazi, mtu mwenye wivu asidhaniwe kuwa pia ni mwongo. Lakini pancha ni pancha, na mteremko ule ni kitu kingine. Tafadhali liondoe lile sharti. Mwambie Mulei ashuke pale alipokuwa akishuka Babu. Nikisema mimi, atasikia wivu tu. Ukisema wewe, atasikia.

Mke mwenzio,
Wayua


Gatuanyaga, 2 Machi 2025

Wayua,

Sisi ni wazima.

Mke mwenza gani wewe, unayemtetea mwanamke wa nje? Uliketi kwenye keria asubuhi, ukienda shule. Jioni ulikuwa naye? Siku za soko ulikuwa naye? Mtoto anaonyeshwa kile anachotakiwa kukiona.

Mulei nimemsomea barua yako. Amecheka mpaka akashika mlango. Anasema fundi wa Thika ameweka raba mpya, na kwamba wewe ukipanda lifti unaomba kwanza.

Usiniandikie tena habari za lango lile. Niandikie wivu ukipoa.

Susu


Ruiru, 16 Machi 2025

Kwa Susu,

Natumaini magoti hayajazidi, maana huku mvua imeanza na najua huko nako imeanza. Ulisema nisiandike mpaka wivu upoe. Haujapoa, lakini Jumamosi ya Kamakis ni wiki hii.

Nilimpigia Mulei. Nilijaribu kuzungumza taratibu. Nikamwambia raba mpya hazisaidii kitu kwenye chuma kilicholowa, na kwamba baiskeli ya umri ule inaweza kuonekana nzima ikiwa imesimama na kukusaliti ikikimbia. Akaniambia, "Wayua wewe, sema tu unataka kupanda. Nitakubeba kwenye keria kama zamani." Nikamwomba ashuke kwenye ule mteremko, pale peke yake tu, halafu apande tena. Hapo sauti yake ikabadilika. Akasema, "Siwezi, Susu anaangalia kutoka juu. Nikishuka, ameichukua."

Susu, umesikia? Na yeye anaogopa. Hataki kushuka kwa sababu yako, na mimi siaminiki kwa sababu yangu. Kama barua yangu ya kwanza ingeanza na breki badala ya picha, labda ungenisikiliza. Nilianza na picha kwa sababu ndiyo iliyoniuma zaidi.

Baiskeli siitaki tena. Mwachie Mulei, mwachie na kofia. Jumamosi asubuhi geuka tu uangalie kuku wako. Usimtazame akiteremka. Hilo tu ndilo ninaloomba.

Mke mwenzio,
Wayua


Gatuanyaga, 30 Machi 2025

Mwanangu Wayua,

Uhali gani? Najua ulikuja hospitalini Thika mara mbili na ukapata nimetoka. Mara ya pili sikuwa nimetoka. Nilikuwa nyuma ya mlango wa wanawake nikisubiri uondoke. Sikuwa na uso wa kukuangalia nao.

Jumamosi ile mvua ilinyesha alfajiri ikaacha. Mulei alipita hapa akapiga kengele. Nilikuwa na barua yako mfukoni mwa aproni. Sikugeukia kuku. Nilisimama pale pale ninaposimama siku zote, mkono juu ya macho. Akafika kwenye lango, akageuza kichwa kunitazama kama niko. Niko. Akaendelea. Baiskeli ikaenda polepole, kisha si polepole. Nilimwona akiinua miguu kutafuta ardhi. Kisha nikasikia kelele za ukingo wa daraja.

Sijui magoti yalinibebaje. Nilipofika, Nzilani alikuwa ameketi kwenye matope, kichwa cha mume wangu kiko mapajani mwake, na bega amelifunga kwa leso yake mwenyewe. Mulei alinitazama, mdomo umejaa damu, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Susu, sikushuka."

Mfupa wa bega umevunjika, meno mawili ya mbele hayapo, na goti limeshonwa. Daktari anasema angeupiga ule ukingo kwa kichwa tungekuwa tunaongea habari nyingine. Hayo unayajua. Usiyoyajua ni haya.

Tukisubiri gari, Nzilani alinipeleka uani kwake nikanawe. Sikuwa nimewahi kupita lango lile. Nikiwa bado ninanawa nikamuuliza kile ambacho sikumuuliza babu yako akiwa hai. Nikasema, "Alikuwa akija kufanya nini hapa?"

Akasema, "Nani, Mulei mkubwa? Yule hakuwahi hata kukanyaga hapa uani. Alikuwa akipita anaikokota baiskeli kama mtu anavuta ng'ombe mbishi. Mimi kila siku namwambia karibu uji, na yeye kila siku ananijibu mikono imejaa. Hata kunitazama hanitazami, macho yako kwenye gurudumu. Nilidhani ananidharau, dada. Nilidhani wewe ndiye uliyemkataza."

Wayua, nilimnunia mtu kwa ajili ya breki. Nilimgeuzia mgongo usiku ngapi, na yeye hakujua kosa lake, akadhani ni mimi tu ndivyo nilivyo. Na hizo breki zenyewe, nikamkabidhi mtoto.

Njoo uichukue. Gurudumu la mbele limepinda na rangi mpya imechubuka, chini yake ile nyeusi ya zamani inaonekana. Mulei mwenyewe ndiye amesema, kwa yale meno yaliyobaki: "Mpe Wayua, yeye anaijua." Wala usiipande.

Mke mkubwa, asiye na haki ya kuitwa hivyo,
Susu


Ruiru, 27 Aprili 2025

Susu wangu mpendwa,

Salamu za baada ya Pasaka. Mimi ni mzima. Magoti yako siyaulizi, maana nimeona yanakufikisha unakotaka.

Nilikuandikia mara mbili mwezi huu na hukujibu. Kui akaniambia, "Susu wako hana nafasi, jioni zote yuko kwa Nzilani." Nikadhani ananitania. Jumatatu ya Pasaka nilikuja kuchukua baiskeli, nikakuta mlango umefungwa, na Mulei ameketi nje, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, akila ndizi kwa pembe ya mdomo. Nikamuuliza uko wapi. Akaelekeza mteremko kwa kidevu. Tulicheka wote wawili, yeye kwa uangalifu. Kisha akanishikia mlango nikaitoa. Hakusema kitu juu ya urithi, na mimi sikusema kitu juu ya raba mpya. Nilimwachia kofia.

Nikaanza kuikokota. Gurudumu la mbele linasugua, kwa hiyo inataka kugeuka kila wakati, na uzito wote unakusukuma kutoka nyuma. Nilipofika juu ya lango la buluu nilikuwa tayari kwa miguu, sikuwahi hata kupanda, lakini mwili wangu ulisimama wenyewe kidogo, kama unangoja kuambiwa shuka, mke wangu.

Mlikuwa uani, wewe na yeye, viti vimekaribiana, mnacheka kitu. Najua mlikuwa mkimcheka Babu. Nikakuona umempangusia unga shavuni kwa ncha ya leso, kama ulivyokuwa ukinipangusia mimi. Nzilani akaita, "Karibu uji!" Na wewe ukaita, "Wayua, njoo ukae!"

Nami nikajibu, "Mikono imejaa." Sikusimama, hata kuwatazama sikuwatazama vizuri. Nikasikia kicheko chenu kimekatika.

Sikukusudia, Susu. Usikae nalo hilo. Mikono ilikuwa imejaa kweli, ningeiachia upande mmoja tu ingenipeleka mtoni. Nilipovuka daraja niliiegemeza kiunoni bila kuiachia, nikaangalia juu, nikaona ungali umesimama langoni na mkono juu ya macho. Nilitaka kukupungia nikashindwa, kwa sababu ile ile.

Lakini ukiniuliza, na safari hii nakuomba uulize, nitakwambia ilikuwa breki na ulikuwa pia wivu. Uji nilikuwa nautaka.

Baiskeli imechukua nusu ya chumba changu hapa Ruiru. Jumamosi naitia mafuta. Nikija tena nitakuja mikono mitupu, na kwenye lango lile nitaingia. Mniwekee kiti kati yenu, si pembeni.

Mke mwenzenu, sijui sasa wa ngapi,
Wayua mdogo