Nambari ya Thadeo

Mugeta, 9 Machi 1997

Mwanangu Hyasinta,

Hujambo? Na kazi ya ofisi ya parokia inaendaje? Huku ng'ombe ni wazima, ila mimi kifua kimenishika tangu palizi. Nina ombi. Kaka yako Thadeo tulimzika huko Musoma mwaka ule wa uhaba, saruji haipatikani hata kwa kibali, tukamwekea kibati cha nambari tu. Nambari nimeisahau. Nitafutie kwenye daftari la makaburi. Siku yangu ikifika nataka kulazwa ubavuni mwake, nisilale na wageni.

Mama yako,
Getruda

Musoma, 30 Machi 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na kifua, asali umepata? Nakuandikia kwa aibu. Madaftari hayapo. Kampuni moja ya mjini ilipotuletea kompyuta mwaka jana, majina yote niliyaingiza mimi, kisha madaftari nikawauzia wauza dagaa wafungie. Paroko aliniambia niyatunze, mimi nikaona yanajaza kabati bure. Sasa kampuni imefunga programu mpaka tulipe upya, na kila mwaka hivyo hivyo. Jina unaliona, nambari imefunikwa weusi. Tuliomba watupe majina yetu tuyapeleke kwingine, wakasema hayasomeki nje ya mashine yao. Wao wanaita huduma.

Mwanao,
Hyasinta

Mugeta, 20 Aprili 1997

Mwanangu,

U mzima? Mimi nakohoa, lakini uji unashuka. Nikuulize. Jirani yetu Ngolo aliibiwa ng'ombe, wezi wakamtumia habari alete fahali ndipo aonyeshwe majike yake yalipo. Sisi tuliita unyang'anyi. Kampuni yako imefanya nini tofauti?

Halafu Thadeo amenijia ndotoni mara tatu. Hayupo ardhini. Amekaa chumba chenye mvumo kama wa nyuki, mwanga wa bluu usoni, ananiambia, "Mama, wanalifungua jina langu kila asubuhi." Mimi hiyo kompyuta sijawahi kuionaga.

Mama yako

Musoma, 11 Mei 1997

Mama,

Shikamoo. Unaendeleaje? Barua yako ilinitoa jasho. Ni kweli, kila asubuhi naandika jina la kaka, labda ule weusi utatoka. Sijamwambia mtu.

Jumanne alikuja Boniphace, mtu wa kampuni, mpole, viatu vinang'aa. Hata chai hajaonja akaniuliza, "Bado unamtafuta Thadeo?" Alisema mashine huwapelekea majina yanayotafutwa sana, na la kaka sasa lina bei yake peke yake. "Mtu akitafuta sana, tunajua panapomuuma."

Naogopa, Mama. Na aliyemfungia kaka humo ni mimi.

Mwanao,
Hyasinta

Mugeta, 22 Juni 1997

Mwanangu Hyasinta,

Salamu. Usiulize afya yangu leo. Magulio matano nimeyazunguka Bunda, nikiwaomba wauza dagaa karatasi zao. Walidhani nimechanganyikiwa, nami sikuwabishia. Huu ukurasa nilioupata unanuka, lakini soma mstari wa sita: Thadeo, 88. Ni mwandiko wa yule paroko wa zamani.

Njiani mvua ilininyeshea, nimechoka sana. Jina la kaka yako usiliandike tena kwenye ile mashine. Na langu usiliandike kamwe.

Mama yako

Musoma, 2 Julai 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mvua haikukuzidishia kifua? Nimemwona kaka. Kibati cha 88 kipo karibu na mawe makubwa, na ubavuni mwake pana nafasi. Nimeiwekea alama ya mawe manne, nikalia, nikamwomba radhi. Nimenunua daftari jipya, kila jioni nawauliza wenye ndugu waliozikwa hapo nambari wanazozikumbuka.

Lakini leo mchana umeme ulikuwa umekatika, mashine imezima. Boniphace akaingia, akaketi, akaniuliza taratibu, "Na Getruda utaanza kumtafuta lini?"

Mama, jina lako sijaliandika. Sijamtajia hata paroko. Barua hii nampa Kwangu, dereva wa lori la pamba, asubiri jibu lako. Niandikie hata mstari mmoja, kwa mkono wako.

Mwanao,
Hyasinta

Musoma, 5 Julai 1997

Mama,

Shikamoo. Dereva Kwangu amerudi na barua yangu haijafunguliwa. Amevua kofia, amesimama mlangoni, ananirudishia kwa mikono miwili.

Umeme bado haujarudi. Nyuma yangu kompyuta imewaka yenyewe, ukuta wote umekuwa wa bluu. Sigeuki kusoma. Nachukua daftari langu nakuja Mugeta na lori lake kukuchukua, na kule ubavuni mwa kaka nimekwisha kukuwekea mawe.

Mwanao